Muziki Hufunzwa Ana kwa Ana: Mazungumzo kutoka Skuta, Nyeri

Mazungumzo haya yanahusu swali linalomkabili mzazi wa Skuta anayemnunulia mtoto filimbi ya shule, mwelekezi wa kwaya anayewatumia waimbaji wake sauti za wimbo kwa WhatsApp, na kijana anayejifunza gita usiku kwa kutazama video: ikiwa nyimbo za dunia nzima zimo ndani ya simu, na ikiwa masomo ya karibu kila ala yanapatikana humo kwa bei ya bando, mwalimu anayeketi chumba kimoja na mwanafunzi wake anahitajika kwa kazi gani? Swali hilo haliwahusu tu wakazi wa Nairobi wala wenye piano sebuleni, kwa kuwa katika Nyeri na miji mingine ya eneo la Mlima Kenya, kuanzia Karatina na Othaya hadi Nanyuki, Kerugoya na Meru, muziki hufunzwa makanisani, shuleni, kwenye sherehe na hata kwenye mabaa, na katika kila mahali pa namna hiyo simu imekwisha kuingia.

Jibu linalotetewa hapa ni kwamba wimbo unaweza kuhifadhiwa na kusafirishwa na chombo, ilhali sikio la mwanamuziki hulelewa na sikio la mtu mwingine aliye karibu, anayelisikia kosa pale linapozaliwa na kulirekebisha kabla halijawa mazoea. Jamii inayomwondoa mtu huyo kwa kuamini kwamba chombo kimeirithi kazi yake hujikuta, baada ya miaka, ina hazina kubwa ya nyimbo na upungufu mkubwa wa watu wanaoweza kuziimba na kuzipiga.

Ni vyema maana ya maneno iwekwe wazi mapema. Mafunzo ya ana kwa ana yanayozungumziwa ni yale ambayo mwalimu na mwanafunzi wamo mahali pamoja kwa wakati mmoja, wakiisikia sauti ileile katika hewa ileile. Mafunzo ya kidijitali, kwa upande wake, ni jina linalokusanya namna tatu zisizofanana, yaani video zilizorekodiwa ambazo mwanafunzi huzitazama peke yake, masomo ya moja kwa moja yanayoendeshwa kwa simu ya video, na programu zinazoisikiliza noti anayoipiga mwanafunzi na kumpa alama. Kila namna ina faida yake na upungufu wake, na mjadala mwingi kuhusu jambo hili hupotea njia kwa sababu zote tatu huzungumzwa kana kwamba ni kitu kimoja.

Nchi ya Nyeri ina ushahidi wake yenyewe kuhusu jambo hili, na ushahidi wenye uzito kuliko mwingine ni gicandi. Gicandi ni kibuyu kilichotiwa mbegu ndani ili kilie kinapotikiswa, na juu ya ganda lake huchorwa alama zinazomkumbusha mchezaji beti za shairi refu la mafumbo, ambalo wachezaji wawili huliimba kwa kujibizana mpaka mmoja ashindwe. Padre Vittorio Merlo Pick wa Shirika la Consolata alichapisha mwaka 1973 kitabu kuhusu vitendawili vya Wakikuyu na gicandi, Profesa Kimani Njogu akaichunguza sanaa hiyo kwa undani kama ushairi wa majibizano, na Ngũgĩ wa Thiong'o akamkabidhi mchezaji wa gicandi kazi ya kuisimulia riwaya ya Caitaani Mũtharabainĩ, iliyotoka mwaka 1980.

Kinachofaa kuzingatiwa na msikilizaji wa leo ni kwamba kibuyu hicho chenyewe kilikuwa chombo cha kuhifadhi kumbukumbu, kwa kuwa maarifa yalikuwa yameandikwa juu ya ganda lake na mtu aliweza kukibeba kutoka kilima kimoja hadi kingine. Hata hivyo, hakuna aliyekuwa mchezaji kwa kumiliki kibuyu pekee, maana alama iliyochorwa humwambia mtu ubeti upi unafuata bila kumwambia auimbe kwa kasi gani, atikise kibuyu wapi, anyamaze wapi, wala amjibu vipi mpinzani aliyelipinda fumbo ghafla. Mambo hayo aliyapata kwa kukaa na mchezaji aliyemtangulia, kumsikiliza, kujaribu mbele yake na kukosolewa. Wazee wa nchi hii, kwa hiyo, walikwisha kulitatua swali la chombo na mwalimu muda mrefu kabla ya simu, na walilitatua kwa kuvitumia vyote viwili, kila kimoja kwa kazi yake.

Mkondo wa pili wa ushahidi huo, baada ya gicandi, ni ule wa makanisa na shule za misheni. Wamisionari wa Consolata walifika katika nchi ya Wakikuyu mwaka 1902 na kujenga kituo chao kikuu Nyeri, na wale wa Kanisa la Scotland wakaanzisha misheni ya Tumutumu karibu na Karatina. Miongoni mwa mambo yaliyoenezwa na misheni za Kiingereza na Kiskoti katika Afrika Mashariki ni solfa, yaani mfumo wa kuandika sauti kwa herufi za do, re, mi na nyinginezo, ambao chanzo chake ni kazi ya Sarah Glover huko Uingereza na ambao John Curwen aliueneza katika karne ya 19. Katika mfumo huo, do haifungwi kwenye sauti moja maalumu, bali huhamishwa kulingana na ufunguo wa wimbo, yaani kiwango cha sauti ambacho wimbo umejengwa juu yake, na Curwen aliuongezea ishara za mkono ambazo mwalimu huzionyesha mbele ya darasa ili wanafunzi waimbe noti anayoitaja kwa kiganja chake. Mwalimu hupandisha mkono, darasa hupanda naye, na mmoja akibaki chini, mwalimu humtazama na kurudia ishara ileile hadi sauti ya mtoto huyo iungane na za wenzake. Mfumo huu uliwafaa watu wasio na piano wala vitabu vingi kwa sababu ulijengwa juu ya kuwapo kwa mwalimu, na kwaya nyingi za Nyeri hadi leo hujifunza nyimbo mpya kwa karatasi za solfa.

Mkondo wa tatu ni muziki wa burudani. Mwomboko, ngoma ya jozi iliyoshamiri katika Kenya ya Kati katikati ya karne ya 20, huchezwa kwa kodiani na karing'aringa, yaani pete ya chuma inayogongwa kwa kijiti cha chuma. Mpiga kodiani wa mwomboko huuvuta na kuusukuma mvukuto wa kinanda chake huku akiitazama miguu ya wachezaji, kwa kuwa mapigo hukazwa au kulegezwa kulingana na jinsi jozi zinavyozunguka, na mgonga karing'aringa anayeketi kando yake huyafuata mabadiliko hayo bila neno kusemwa. Katika benga ya Kikuyu, vivyo hivyo, bendi ndiyo iliyokuwa shule: Queen Jane, mwimbaji mashuhuri aliyefariki mwaka 2010, alianza kwa kuimba katika bendi ya Mbiri Young Stars ya Simon Kihara, anayejulikana kama Musaimo, kabla ya kuunda kundi lake mwenyewe.

Hata wimbo wa taifa la Kenya umetokana na malezi ya aina hiyo. Kamati ya watu 5 iliyoutayarisha mwaka 1963, ambayo ilikuwa na Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi, iliujenga juu ya wimbo wa kubembelezea watoto wa Wapokomo wa Mto Tana. Kwa maneno mengine, sauti zinazoimbwa na kila shule ya Nyeri bendera inapopandishwa zilihifadhiwa na kina mama waliowaimbia watoto wakiwa mikononi mwao, na hazikuwahi kuhitaji hifadhi nyingine mpaka zilipoitwa kulitumikia taifa.

Baada ya ushahidi wa historia, inafaa kazi yenyewe ya kufunza iangaliwe kwa karibu, kwa kuwa ndipo mwalimu anapoonekana wazi kuwa na kitu kisichopatikana kwenye skrini. Mtaala wa umilisi, unaojulikana kwa wengi kama CBC, uliiingiza rekoda katika masomo ya muziki kuanzia Gredi ya 4, nayo rekoda ni filimbi ya mdomo yenye matundu 7 mbele na 1 nyuma, ambalo huzibwa kwa kidole gumba cha mkono wa kushoto. Ili kutoa sauti ya chini kabisa, mtoto hulazimika kuyaziba matundu yote kikamilifu. Tundu moja likiachwa na mwanya mdogo usioonekana kwa urahisi, sauti hupasuka na kuruka juu kama mluzi, na mtoto, akidhani kwamba hajapuliza vya kutosha, huongeza pumzi, jambo linalozidisha kuharibika kwa sauti.

Mwalimu aliyesimama kando ya mtoto huyo huona kwamba kidole cha pete cha mkono wa kulia kimegusa tundu kwa ncha badala ya sehemu yake pana na laini, hukisogeza taratibu, huona pia kwamba mabega yamepanda kwa wasiwasi, humwambia ayashushe na apulize kwa upole, na sauti hushuka mahali pake. Marekebisho hayo huchukua muda mfupi sana, lakini ndani yake mna utambuzi wa mambo matatu yaliyotokea kwa pamoja, yaani kidole, pumzi na hofu. Programu ya simu inayoisikiliza noti hiyo itaonyesha kwamba imekosewa, na itakuwa imesema kweli, isipokuwa haitaweza kueleza kosa limetokea wapi, na mtoto atarudia kulifanya mara nyingi kwa bidii mpaka liwe tabia ya mkono wake.

Video iliyorekodiwa nayo ina upungufu wa aina nyingine, kwa sababu humwonyesha mtoto mikono ya mtu anayemtazama kwa mbele, kiasi kwamba mkono wa kushoto wa mwalimu huonekana upande wa kulia wa mtazamaji, na watoto wengi huanza kwa kuvigeuza vidole. Zaidi ya hayo, video huendelea mbele bila kujua kwamba mwanafunzi amebaki nyuma. Mkulima wa kahawa wa Tetu au Mathira anaweza kueleza jambo hili vizuri, kwa kuwa hakuna aliyejua kupogoa mkahawa kwa kuonyeshwa picha ya mti uliokwisha kupogolewa. Alijua siku aliyosimama shambani na makasi mkononi, akiwa karibu kulikata tawi lenye kuzaa, na mtu mwenye uzoefu akamshika mkono.

Wapo wanaosema kwamba somo la moja kwa moja kwa simu ya video huondoa upungufu huo, kwa kuwa mwalimu humwona mwanafunzi na kumsikia. Kwa kiasi fulani ni kweli, lakini kuna kikwazo cha kimaumbile ambacho hakiondolewi na nia njema. Sauti husafiri hewani kwa mwendo wa karibu mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo watu walioketi umbali wa mita 2 husikiana baada ya takriban milisekunde 6, milisekunde ikiwa ni sehemu moja ya elfu ya sekunde. Wanamuziki kwa kawaida huweza kupiga pamoja vizuri iwapo ucheleweshaji wa sauti hauzidi milisekunde 20 hadi 30, na ukizidi hapo, kila mmoja humngojea mwenzake na mwendo wa wimbo huzidi kulegea. Simu ya video inayopita kwenye mtandao wa kawaida mara nyingi huchelewesha sauti kwa zaidi ya milisekunde 100, kwa sababu sauti hiyo hukusanywa, hubanwa, husafirishwa kupitia mitambo mingi na kufunguliwa tena upande wa pili.

Matokeo yake ni kwamba mwalimu wa Nairobi na mwanafunzi wa Skuta hawawezi kupiga wala kuimba pamoja kwa wakati mmoja kupitia simu hiyo, na hulazimika kupokezana, mmoja akinyamaza mwingine akipiga. Kwa umbali mkubwa zaidi hata mitambo bora haiwezi kusaidia, kwa kuwa London iko takriban kilomita 6,800 kutoka Nairobi, na mwanga ndani ya nyaya za intaneti, unaokwenda karibu kilomita 200,000 kwa sekunde, huhitaji milisekunde zipatazo 34 kwa safari ya kwenda tu. Kupiga pamoja ndiko kunakomfunza mwanafunzi mwendo, yaani uwezo wa kuyashikilia mapigo sawasawa, kwa kuwa mwalimu mwenye mapigo thabiti humbeba mwanafunzi ndani ya mapigo hayo mpaka mwili wake uyazoee.

Kikwazo cha pili kimo ndani ya programu zenyewe za mikutano ya video, ambazo nyingi zilitengenezwa kwa ajili ya mazungumzo ya watu. Programu hizo hujaribu kuondoa kelele za nyuma, na noti iliyovutwa kwa muda mrefu, kama ile ya fidla au ya mwimbaji anayeshikilia mwisho wa ubeti, huweza kudhaniwa kuwa mvumo wa mashine na kufifizwa. Vilevile husawazisha ukubwa wa sauti, ili anayenong'ona na anayepaza wasikike kwa kiwango kinachokaribiana. Ipo mipangilio inayoweza kuzima baadhi ya mambo hayo, lakini isipozimwa, mwalimu hunyimwa habari anayoihitaji kuliko nyingine zote, yaani jinsi mwanafunzi anavyotofautisha sauti laini na sauti nzito, na jinsi noti inavyoanza, inavyokua na inavyokufa.

Mwaka 2020 ulikuwa mtihani mkubwa wa mambo haya yote nchini Kenya. Kundi la kwanza la wanafunzi wa mtaala mpya kitaifa liliingia Gredi ya 4 mwezi Januari mwaka huo, na katikati ya mwezi Machi shule zote zilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona, hata watoto hao wakarudi madarasani mwezi Oktoba. Katika kipindi hicho serikali, kupitia Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, iliendesha masomo kwa redio, televisheni na mtandao, na juhudi hizo zilistahili shukrani, kwani hesabu na lugha ziliweza kuendelea kwa namna fulani. Rekoda, kwa upande mwingine, ni ala ambayo mtoto anayeanza huihitaji isikilizwe na mtu, na redio, ambayo husema bila kusikia, haiwezi kumwambia mtoto wa Skuta kwamba kidole chake hakijaziba tundu. Redio inayoyabeba mazungumzo haya inafungwa na mpaka huohuo.

Haki inadai kwamba faida za teknolojia zielezwe kwa ukamilifu uleule. Joseph Kamaru, mwanamuziki mkubwa aliyezaliwa Kangema mwaka 1939 na kufariki mwaka 2018, aliacha nyimbo nyingi zilizokuwa kwenye sahani za santuri na kanda, na mjukuu wake mwenye jina hilohilo, ambaye ni msanii wa muziki wa kielektroniki anayejulikana kama KMRU, amekuwa akizitoa upya kupitia mtandao, kiasi kwamba kijana wa Nyeri leo anaweza kusikiliza kwa bei ndogo kazi ambazo zingepotea pamoja na sahani zake. Mtu anayejifunza gita anaweza kuipunguza kasi ya rekodi bila kuishusha sauti yake, na hivyo kuzisikia noti ambazo masikio yake yasingezidaka kwa mwendo wa kawaida. Programu ya kupatanisha nyuzi humwokoa anayeanza asizoee ala iliyopotoka. Bodi ya mitihani ya muziki ya Uingereza iitwayo ABRSM, iliyoanzishwa mwaka 1889, ilianza mwaka 2020 kupokea mitihani ya upigaji kwa video, hatua iliyowafungulia njia watahiniwa walio mbali na vituo vya mitihani. Na kwa mtoto ambaye hakuna mwalimu wa fidla katika mji wake wote, video ni bora mara nyingi kuliko kutopata kitu.

Faida hizo zote, zikichunguzwa, zina sura moja: ni za kuhifadhi, kufikisha na kusaidia mazoezi ya peke yake. Hakuna hata moja inayochukua nafasi ya kusahihishwa, na nyingi huleta matunda zaidi kwa mtu ambaye sikio lake limekwisha kufunzwa. Anayejua kutofautisha sauti iliyopatana na iliyopotoka hufaidika sana na rekodi ya Kamaru, kwa kuwa huisikia kazi ya gita la besi chini ya uimbaji na kuiiga, ilhali asiyejua husikia wimbo mtamu na kuendelea na shughuli zake.

Kuna tena jambo la kuimba pamoja, ambalo kwaya za Nyeri zinalijua kwa uzoefu. Siku hizi ni desturi ya kawaida kwa mwelekezi kurekodi sauti ya soprano, ya alto, ya tena na ya besi, kila moja peke yake, na kuzituma kwenye kundi la WhatsApp ili kila mwimbaji aje mazoezini akiwa ameikariri sehemu yake. Desturi hiyo huokoa muda, na hakuna sababu ya kuilaumu. Hata hivyo, mwelekezi yeyote hujua kwamba siku ya kwanza ya mazoezi waimbaji waliokariri vizuri nyumbani bado hawajawa kwaya, kwa kuwa kila mmoja amezoea kuiimba sauti yake ikiwa peke yake masikioni. Alto huvutwa na soprano aliyeketi jirani, mwimbaji wa tena hupaza kuliko inavyotakiwa, vokali ya mmoja ni pana na ya mwingine ni nyembamba, na pumzi huvutwa mahali tofauti. Kinachofanyika katika saa mbili zinazofuata, yaani kupunguza, kusikiliza, kulinganisha vokali na kuvuta pumzi pamoja, ndicho muziki wa kwaya, na hakuna njia ya kukifanya mtu akiwa jikoni kwake na simu.

Utafiti wa kisayansi unaelekea upande huohuo. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Gothenburg nchini Sweden walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba watu wanapoimba pamoja, mapigo ya mioyo yao huelekea kuongezeka kasi na kupungua kwa pamoja, kwa kuwa sentensi za wimbo huwafanya wapumue kwa wakati mmoja. Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington huko Seattle walichapisha utafiti wa watoto wachanga wa Kimarekani wa miezi 9 waliosikilizishwa Kichina: waliokaa na mzungumzaji chumbani waliweza kuzitofautisha sauti za lugha hiyo, ilhali waliopewa maneno yaleyale kwa televisheni au kwa sauti iliyorekodiwa hawakuonyesha kujifunza. Utafiti huo ni wa lugha na wa umri mdogo, kwa hiyo haufai kunyooshwa kupita kiasi, lakini unaonya dhidi ya imani kwamba sauti ikiwa ileile, mafunzo nayo huwa yaleyale.

Yanayotokea jamii inapokosa kuwakutanisha wazee na vijana yameonekana mahali pengine nchini. Isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho wa magharibi mwa Kenya, iliandikishwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, na sababu mojawapo ilikuwa kudhoofika kwa upokezanaji wake kutoka kizazi hadi kizazi. Zanzibar nayo ilichagua kuujengea upokezanaji nyumba, kwani mwaka 2002 ilianzishwa Dhow Countries Music Academy katika Mji Mkongwe, ambako taarabu, pamoja na udi, ganuni na fidla zake, hufunzwa na wapigaji wenyewe. Chuo hicho kimepita katika dhiki za fedha, jambo linalothibitisha kwamba mwalimu hagharimu kidogo, ila kimewatoa wapigaji wa ala ambazo zingeweza kubaki kwenye rekodi tu.

Nyeri haikosi nyenzo za kufanya vivyo hivyo. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi serikali za kaunti shughuli za utamaduni pamoja na vyuo vya ufundi vya vijijini, kwa hiyo kuwalipa wapiga kodiani na wacheza gicandi waliobaki ili wafunze vijana katika vyuo hivyo ni jambo lililo ndani ya mamlaka ya kaunti. Vyuo vya ualimu vya Kagumo na Kamwenja vipo hapahapa Nyeri. Makanisa yana kumbi ambazo hukaa tupu siku nyingi za juma, na zina vinanda vinavyopigwa Jumapili pekee. Shule kadhaa za msingi zilizo karibu zinaweza kumtumia kwa pamoja mwalimu mmoja mwenye ujuzi wa muziki badala ya kila moja kumkabidhi somo hilo mtu asiyelijua, na walimu wanaofunza muziki bila kuusomea wanaweza kukutana naye mara kwa mara ili nao wasahihishwe.

Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanzishwa mwaka 1927, limekuwa likitoa kielelezo cha mafunzo hayo kwa miongo mingi, maana baada ya kwaya kuimba, waamuzi hueleza hadharani kilichofanyika vizuri na kilichokosewa, na mwalimu wa kijijini hurudi nyumbani akiwa na maarifa ambayo hakuwa nayo asubuhi. Ni vyema maelezo hayo yathaminiwe kuliko kikombe. Mtihani wa KCSE wa muziki nao una sehemu ya vitendo, ambamo mtahiniwa hupiga au huimba, na shule inayomwandaa kwa video pekee inamwingiza mtihanini akiwa hajawahi kusikilizwa.

Simu, katika mpango huo wote, itabaki na nafasi yake ya heshima. Mwalimu na arekodi somo ili mwanafunzi alirudie nyumbani, mwanafunzi naye ajirekodi katikati ya juma ili ajisikie kama wengine wanavyomsikia, na mzee anayefunza gicandi arekodiwe beti zote anazozijua, kwa sauti na kwa picha, kabla maarifa hayo hayajaondoka naye. Kinachopaswa kukataliwa ni mabadilishano ambayo mzazi, shule au kaunti huokoa ada ya mwalimu kwa kumwachia mtoto simu, kisha huhesabu kwamba mtoto amefunzwa.

Waswahili husema kwamba mcheza kwao hutunzwa, na methali hiyo huwa na maana pale ambapo kwao pana watu wanaojua uchezaji mzuri ni upi na wako tayari kuulipia. Wapiga kodiani, waelekezi wa kwaya, walimu wa rekoda na wapiga gita wa Nyeri wanatunzwa pindi wanapopewa chumba, wanafunzi na malipo ya haki kwa saa zao, na saa hizo ndizo zinazotoa kizazi kinachoweza kusikia, kusahihisha na kufunza kizazi kingine. Uamuzi wa kuzitenga uko mikononi mwa wazazi wa Skuta, halmashauri za shule, mabaraza ya makanisa na bunge la kaunti, na ni uamuzi wa kufanywa wangali hai wale wanaojua kufunza.